Nyenje Mmoja Kila Jumatatu

Kama umewahi kusikia kwamba kuna mtu huku Kericho aliyelea buibui mwenye manyoya kwa miezi mitatu na hakumwogopa hata siku moja, mtu huyo hakuwa mimi. Nasema mapema kwa sababu pale Litein nimewaambia watu kwamba ni mimi, na wengine wameninunulia chai na maandazi kwa hadithi hiyo. Aliyemlea ni Momanyi. Mimi, Kipyegon arap Ng'eno, nilikuwa mkuu wa bustani katika nyumba alimomlelea. Mkuu kabisa, ila chini yangu hakukuwa na mtu mwingine.

Momanyi alitoka upande wa Nyamira akiwa kijana, akaingia mashamba ya chai na kuchuma miaka kumi na minne. Nimeona wachumaji wengi, na mimi mwenyewe nilichuma kabla hawajatambua kwamba kipaji changu ni maua. Lakini mikono ya yule mtu ilikuwa kitu kingine. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, huku anakutazama wewe usoni na kukuuliza habari za ng'ombe wako. Mkewe Janefer alichuma mstari wa kando yake, na siku nyingine alimshinda kwa kilo tatu au nne, naye Momanyi akawa wa kwanza kuwatangazia watu kwenye mizani. Walikaa kambini, nyumba ya vyumba viwili, pamoja na binti yao Elmina, ambaye mwaka huo wa tisini na sita alikuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa iliyokuwa karibu na shamba.

Februari Janefer alishikwa na homa ya mapafu. Siku sita, akaisha. Walimzika kwao. Momanyi alirudi Alhamisi, na Ijumaa alfajiri akajifunga aproni ya plastiki, akabeba kikapu na kuingia chai. Jioni kwenye mizani alikuwa na kilo kumi na mbili. Jumatatu, kumi na moja. Mtu wa kilo arobaini!

Usifikiri alikuwa analia. Ningemwona analia ningejua la kufanya, maana nina maneno ya kila msiba. Alikuwa anasimama tu mbele ya kichaka, mikono juu ya majani, mvua ikimnyeshea. Ukimwambia, "Baba Elmina, chuma," anachuma. Ukinyamaza, naye anaacha. Chakula alikula kwa sababu Elmina aliweka sahani mbele yake. Ukimuuliza alikula nini mchana, ilibidi afikirie.

Nyapara alimvumilia hadi Juni. Sasa, kwa asiyejua mambo ya shamba la kampuni: nyumba ya kambini si yako. Ni ya kazi. Kazi ikienda, nyumba inaenda wiki hiyo hiyo, na mtoto aliye kidato cha nne anafunga vitabu vyake na kurudi Nyamira kuanza kutafuta shule nyingine miezi minne kabla ya mtihani. Hilo ndilo lililokuwa mlangoni kwa Momanyi.

Aliyemwokoa ni bosi wangu. Alikuwa mzungu mmoja mrefu aliyeajiriwa na kampuni kuchunguza wadudu wanaokula chai. Sisi tulimwita Daktari wa Wadudu, ingawa sikuona mdudu hata mmoja aliyepona mikononi mwake. Alikuwa anakwenda likizo kwao, Julai hadi Oktoba, na sebuleni kwake, ndani ya sanduku la kioo, alikuwa na buibui jike, tarantula, mkubwa kama kiganja changu, mweusi, mwenye manyoya kama goti la nyani. Mpishi wake alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya buibui huyo. Mimi nilikuwa na kazi nyingi sana nje.

Daktari alimwita Momanyi, nami nikasimama dirishani nikipogoa waridi ambalo halikuhitaji kupogolewa.

"Unaogopa?" Daktari akauliza.

Momanyi alitazama ndani ya kioo muda mrefu. "Sioni kitu cha kuogopa," akasema. Hakuwa anajigamba. Alikuwa kama mtu anayejibu ameweka wapi jembe.

"Nikirudi nimkute hai, wewe ni mtu wa nyumba hii, wa kudumu, na nyumba yako kambini inabaki. Nikimkuta amekufa, sitakuwa na la kuwaambia kule ofisini."

"Sawa."

Daktari alibandika karatasi ukutani, kwa Kiswahili chake kilichopinda: Nyenje mmoja kila Jumatatu. Asizidi tumbo la buibui kwa ukubwa. Maji safi kila siku. Asubuhi kama nyenje hajaliwa, mtoe. Kisha akaondoka na masanduku yake.

Jumatatu ya kwanza nilikwenda kushuhudia. Momanyi alikuwa amekamata nyenje chini ya magogo ya mkaratusi nyuma ya jikoni, si kando ya njia, kwa sababu kando ya njia palikuwa pamenyunyiziwa dawa ya magugu. Aliwapanga wanne kwenye kopo, akawalinganisha kwa jicho na tumbo la yule mnyama, akachagua mmoja wa wastani. Akafungua kifuniko, akamwangusha. Buibui hakutikisika. Halafu sikuona kilichotokea, niliona tu kwamba nyenje hakuwa chini tena, alikuwa mdomoni.

"Huyo ndiye wa leo?" nikauliza.

"Wa wiki."

"Wa wiki! Momanyi, mimi nikimpa mama mkwe wangu kijiko kimoja cha ugali kwa wiki, nitalala wapi?"

"Karatasi inasema mmoja."

"Karatasi imeandikwa na mtu anayekula mkate mwembamba kama bahasha. Mwongeze huyo maskini."

Hakucheka. Zamani angecheka, halafu angenijibu kitu kuhusu tumbo langu. Alifunga kifuniko na kusema, "Arap Ng'eno, kichaka cha chai unakichuma kila siku?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kitachoka. Unakiacha siku kumi hivi, kirudishe majani."

"Basi." Akanionyesha kwa kidole. "Tazama tumbo lake. Limejaa, limekuwa mviringo. Likisinyaa ndio zamu yake imefika. Ukimjazia kila siku litakuwa kama puto, na akianguka kutoka pale juu ya gogo litapasuka. Daktari aliniambia."

Nilifika darasa la sita, na mlango wa la saba niliuona kwa macho yangu, lakini hiyo ya zamu ya kuchuma nilikuwa sijaifikiria. Baadaye niliwaeleza watu kama ya kwangu.

Nilimpa buibui jina la mama mkwe, Chepkurui. Mke wangu asisikie. Kwetu jina la mama mkwe halichezewi, ndiyo maana lilinoga.

Wiki zikapita hivyo. Momanyi alifagia, akafuta vumbi kwenye vitabu, akabadilisha maji kwenye kifuniko cha chupa ambacho Chepkurui alikitumia kama birika. Nilimletea vichekesho kila siku. Nilimwambia jinsi nilivyomuuzia mtu wa Sigowet jogoo kipofu kama jogoo mtulivu. Nilimwambia jinsi nilivyoimba kanisani mstari usiokuwa kwenye kitabu na mchungaji akasema amina. Alisikiliza. "Ndiyo," anasema. "Haya." Ni kama kurusha jiwe kisimani usisikie maji. Nakuambia ukweli, mtu kama mimi anachoka haraka na jambo hilo. Sikwenda kwake kwa wema tu. Nilitaka kushinda.

Mwanzo wa Septemba Chepkurui akakataa kula. Jumatatu nyenje akawekwa, Jumanne asubuhi yuko hai, anatembea juu ya mgongo wa Chepkurui. Momanyi akamtoa kwa koleo ndogo. Jumatatu ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Tumbo lilikuwa halijasinyaa, lakini lilikuwa limegeuka rangi, jeusi la kung'aa, na alikuwa ametandika utando mweupe sakafuni kama shuka.

Elmina alikuja jioni hiyo akitoka shule, bado na sare. Alisimama mbele ya kioo akiwa ameshika vitabu kifuani.

"Baba, hali chakula?"

"Hali."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na Daktari anarudi lini?"

"Tarehe kumi na mbili."

"Mimi naanza karatasi ya kwanza wiki inayofuata hiyo." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Baba, akifa tunaenda wapi? Umefikiria? Umeuliza mtu? Mtu yeyote?"

"Maji anakunywa," Momanyi akasema.

Msichana alinigeukia. "Mjomba, mwambie kitu!"

Nikasema nitafikiria. Lazima nikiri kwamba alinigusa, na pia kwamba nilipenda kuulizwa mimi.

Sasa sikia nilivyofikiria. Nilikuwa nimeona yale ya Jumanne asubuhi: chakula kinawekwa, mlaji hali, chakula kinaondolewa. Mimi nimelelewa na nyanya yangu. Kwake mgeni akikataa chakula, hakiondolewi. Ukikiondoa umemwambia, "Hukukitaka, na sisi hatukutaka ule." Kinaachwa pale, kinaongezwa, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kinasogezwa karibu na goti lake, na watu wanatazama kando ili aone haya kidogo na aanze. Hata mgonjwa hutendewa hivyo. Nimeona wazee waliokataa uji siku mbili wakaushika siku ya tatu kwa sababu tu ulikuwa bado uko pale. Nikajiambia: huyu mnyama ananyang'anywa sahani kila asubuhi, atakula saa ngapi? Karatasi ya mzungu haina adabu.

Momanyi ni Msabato. Ijumaa jua likizama hagusi kazi hadi Jumamosi jioni, na Jumamosi hiyo walikuwa na mkutano mkubwa, hangerudi nyumbani kwa Daktari hadi Jumapili asubuhi. Maji ya Jumamosi aliniachia mimi, na ufunguo.

"Maji tu," aliniambia.

"Maji tu," nikasema.

Nikaweka maji. Halafu nikaweka nyenje watatu, wanene, wale wa kifahari. Nikamwambia, "Karibu, mama mkwe, hakuna atakayekuondolea." Nikafunga kifuniko, nikaenda zangu nikiwa nimejaa sifa.

Jumapili nilifika saa mbili. Momanyi alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo na koleo mkononi. Kwenye kopo kando yake kulikuwa na nyenje wawili, na wa tatu alikuwa anamtoa. Chepkurui alikuwa amelala chali juu ya ule utando mweupe, miguu juu. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umetafunwa. Kulikuwa na tone la maji mazito pale.

"Amekufa," nikasema.

"Nilimtoa yule mmoja Jumanne," Momanyi akasema. Alikuwa anaweka nyenje kwenye kopo. "Hawa watatu wametoka wapi?"

"Wadudu huzaana," nikasema.

Akanitazama. Uongo wangu huwa mzuri kuliko huo. Nilingoja anitukane, na sikuwa naogopa, nilikuwa natamani. Ningemjibu, tungegombana, mambo yangeisha. Alinitazama tu, kama mtu anayesoma saa, kisha akageuka.

"Ni mimi," nikasema. "Niliona aibu kumwondolea chakula."

"Sawa."

"Si sawa! Momanyi, nimeua buibui wa watu. Nimekutoa kwenye nyumba. Sema kitu. Nipige hata na hiyo koleo."

"Hajafa. Mguu wa mbele umesogea."

"Mtu akilala hivyo kwetu tunaita watu wachimbe."

"Chai ikikatwa ile ya kupogoa, inabaki vijiti. Utaing'oa?"

Akavuta kiti, akakaa. Mimi nikakaa sakafuni, maana viti vya Daktari nilikuwa sina ruhusa navyo, na siku hiyo sikuwa na nguvu ya kujifanya ninayo. Tulikaa hivyo hadi mchana. Polepole sana ngozi ikapasuka pembeni, kitu cheupe na laini kikaanza kujisukuma kutoka ndani ya kile cheusi, mguu baada ya mguu, kama mtu anayevua soksi zilizolowa. Nilikuwa nimesimama kwa magoti bila kujua, jasho linanitoka, namwambia, "Vuta, mama, vuta!" Momanyi alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja. Saa nane hivi kulikuwa na buibui wawili ndani ya kioo, mmoja ngozi tupu kama koti. Yule wa kweli alikuwa na miguu saba.

Nikaruka. Nikamwambia tumletee chakula sasa hivi, ametoka kujifungua, mwanamke akijifungua unampa supu na uji mzito kabla hajaomba.

"Tazama meno yake," Momanyi akasema.

Nikasogea. Yale meno makubwa yaliyokuwa meusi yalikuwa meupe, karibu yaonekane ndani, kama kucha ya mtoto mchanga.

"Ukimwekea nyenje sasa, nyenje ndiye atakayemla. Yawe meusi kwanza."

"Nani amekuambia? Haiko kwenye karatasi."

"Hakuna. Naona."

Akampa maji tu. Jumatatu ikapita, hakumwekea kitu. Ikapita nyingine. Elmina alikuwa anakuja kila jioni kuuliza, na kila jioni baba yake anamwambia, "Bado," naye anaketi kwenye ngazi za jikoni na kitabu cha kemia ambacho sidhani aliona herufi yake moja. Mimi nilikuwa nimeacha vichekesho. Nilikata nyasi hata pale ambapo hakukuwa na nyasi.

Jumatatu ya tatu, tarehe saba Oktoba, meno yalikuwa meusi. Momanyi alichagua nyenje mdogo, mdogo kuliko wote, akamwangusha mbali kidogo na akasimama pale pale na koleo tayari. Dakika moja. Mbili. Chepkurui akaruka na miguu yake saba.

"Amekula!" Elmina akapiga kelele, akanikumbatia mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu.

"Amekula," Momanyi akasema, akaenda kuosha koleo.

Jumamosi Daktari akarudi, na Jumapili asubuhi akatuita. Hakutusalimu sana. Aliinama mbele ya kioo, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Mguu uko wapi?"

"Nyenje waliula akiwa anabadilisha ngozi," Momanyi akasema. "Walikuwa watatu."

"Niliandika umtoe."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukutoa?"

Mimi nilikuwa nje ya mlango, nimevaa buti za matope. Nilimwona Momanyi mgongoni. Hakugeuka kunitafuta. Akasema, "Ufunguo ulikuwa wangu."

Nimesema uongo mwingi maishani na umenilipa vizuri. Lakini Elmina alikuwa kwenye ngazi za jikoni nyuma yangu, na nilisikia kitabu chake kikifungwa. Nikaingia na buti zangu juu ya zulia.

"Ni mimi, bwana. Yeye alikuwa kanisani. Alinikataza, nikaweka. Kwetu chakula hakiondolewi mbele ya mgeni."

Daktari alitazama buti, halafu zulia, halafu mimi. "Mgeni?"

"Ndiyo, bwana."

"Na baada ya hapo, ulimlisha baada ya siku ngapi?" Hilo alimuuliza Momanyi.

"Kumi na tano. Meno yalipokuwa meusi."

"Nani alikuambia ungoje?"

"Hakuna."

Daktari akasema mguu utaota tena akibadilisha ngozi, kwanza mfupi, halafu wa kawaida. Akasema Momanyi aanze kama mtu wa nyumba kuanzia Jumatatu, na atawaandikia ofisini leo leo. Mimi akaniambia nisiingie tena sebuleni kwake maisha yangu yote, na nisafishe zulia kabla sijaanza kutoingia.

Nilipomaliza zulia nilimkuta Momanyi nyuma ya jikoni, kwenye magogo. Elmina alikuwa ameinamisha kichwa juu ya magoti, analia kwa kwikwi, na baba yake alikuwa ameweka mkono mgongoni kwake.

"Kasome sasa," alimwambia. "Nyumba iko."

Msichana akafuta uso kwa sketi, akashuka njia ya kambini karibu akikimbia. Nikakaa kwenye gogo.

"Haya, mtu wa kudumu," nikasema. "Sasa utaanza kunidharau. Utaniletea chai kwa kikombe chenye ufa."

"Arap Ng'eno."

"Ndiyo?"

"Nilidhani nikisikia hivyo nitafurahi."

Nilingoja amalize. "Na?"

Alifikiria. Alifikiria kweli, akitazama mikono yake, kama vile nimemuuliza alikula nini mchana.

"Nasikia kiu," akasema.

Nikamchotea maji kwenye mtungi, kikombe kizima, akanywa yote. Akanirudishia kikombe, nikamchotea tena.